Faili ndogo inayoweza kuzuia Linux kuanza

KOMPYUTA ya Linux inapowashwa, kwa kawaida programu iitwayo GRUB ndiyo huita kiini cha mfumo, yaani kerneli. Maagizo yake huhifadhiwa katika faili ya /boot/grub/grub.cfg. Yakivurugika, mashine huenda ikakwama kabla ya mwenyewe kuzifikia nyaraka zake.

Wengi hukosea kwa kuihariri faili hiyo moja kwa moja. Katika Debian na Ubuntu, huundwa upya kila kerneli mpya inapowekwa, na yaliyoandikwa humo kwa mkono hupotea. Mahali pa kufanyia mabadiliko ni /etc/default/grub, baada ya kuweka nakala yake kando. Kisha hutolewa amri ya sudo update-grub, ambayo ni rahisi mno kuisahau. Bila hiyo hakuna kinachobadilika.

Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB yenyewe haitafuti mifumo mingine kwenye diski isipoagizwa. Aliye na Windows kando ya Linux anaweza kudhani imefutwa, kumbe imekosa tu kuorodheshwa. Mstari wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false huirejesha kwenye menyu, mradi programu ya os-prober imo.

Kerneli ya zamani nayo isiondolewe haraka. Mpya ikigoma, ile ya awali huchaguliwa kwenye menyu hiyo hiyo.