Fahali Wawili Katika Kipakatalishi Kimoja

Wahenga hawakupayuka waliponena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii tumezoea kuitia katika insha za uongozi. Mimi leo nataka kuiingiza ndani ya tarakilishi, hasa kile kipakatalishi cha bei nafuu ambacho mzazi amejinyima akakinunua ili mwanawe atazame masomo ya Kemia mtandaoni.

Kwanza tujue chanzo. Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Hapo zamani hakikujua kucheza video. Tangu toleo la pili la Netscape Navigator, miaka ya 1995 na 1996, kiliweza kuazima wasaidizi walioitwa programu-jalizi, kama vile RealPlayer, QuickTime na baadaye Flash. Kila msaidizi alijiandikisha kwa aina za faili anazozimudu. Taabu ni kwamba wawili waliweza kudai aina ileile. Wewe uliyewahi kushuka hapa Makutano, Meru, wajua manamba wawili wanavyomng'ang'ania abiria mmoja: huyu kashika mkono, yule kashika mkoba, na safari hakuna! Ndivyo video zilivyokwama, ukurasa ukabaki mweusi tititi.

Mashine ndogo ziliumia zaidi. Asus Eee PC ya mwaka 2007 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512 tu. Wasaidizi wawili wakiamka pamoja humo, nafasi ya kupumua itoke wapi?

Siku hizo zimepita. Machi 2017 Firefox iliwafungia mlango wote isipokuwa Flash, nayo Adobe ikaizika Flash tarehe 31 Desemba 2020. Sasa video huchezwa na kivinjari chenyewe. Hata hivyo, ugomvi haukwisha, bali ulihamia kwa viendelezi, yaani vijiprogramu tunavyojiongezea wenyewe: cha kuzuia matangazo, cha kupakua video, cha kubadili rangi ya ukurasa. Viwili vikifanya kazi moja huweza kuvurugana vilevile.

Dada yangu aliambiwa na fundi mmoja eti kifaa cha picha kimeungua, atoe pesa kibadilishwe. Nilimsihi angoje kidogo, tukafuata hatua hizi:

1. Fungua dirisha la faragha. Katika Chrome, viendelezi havifanyi kazi humo mpaka uviruhusu. Video ikicheza hapo, mashine ni nzima. Mshukiwa mkuu ni kiendelezi.

2. Rudi dirisha la kawaida, zima viendelezi vyote, kisha washa kimoja kimoja huku ukijaribu video ileile. Itakapokwama, umemshika mwizi!

3. Ikikataa hata faraghani, angalia umri wa kivinjari. Chrome, kwa mfano, iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mapema mwaka 2023.

4. Mwisho, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, uzime ile ruhusa ya kutumia kifaa cha picha cha mashine, kisha ukifunge na kukifungua tena. Kwenye mashine kuukuu, hili huweza kuponya.

Sisi hatukufika mbali. Video ilicheza faraghani, na hatua ya pili ikafichua vizuia-matangazo viwili. Tuliondoa kimoja, kazi ikaendelea, na pesa za fundi zikabaki mfukoni.

Hala hala, wenzangu! Video ikigoma, kurasa nyingine hukuambia, "Sakinisha Flash mpya utazame." Usibofye. Flash ilikwisha kufa, na anayekuuzia maiti ana lake jambo: huenda anakupa kirusi au anawinda nywila zako.

Kwa hivyo, kabla ya kumlaumu mwenye duka au kumtoza mzazi pesa nyingine, hesabu kwanza fahali walio zizini. Kwa kazi moja, mmoja anatosha.