Fahamu: Umepunguzwa kazini, nini kitakurudisha kazini mapema?

Elimu na uzoefu vina uzito wake, lakini kinachosahaulika ni watu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kuwa habari za kazi mara nyingi huja kupitia watu tunaoonana nao kwa nadra kuliko marafiki wa karibu. Rafiki wa kila siku anajua yale yale unayoyajua. Uliyesoma naye zamani ana habari za kwingine. Kwa hiyo kujifungia ndani kwa aibu, ugonjwa wa wengi wetu, kunakugharimu.

Muda nao una lake: pengo likirefuka kwenye wasifu, mwajiri huanza kujiuliza. Ila anayedaiwa kodi ya nyumba hachagui, hushika lolote litakalotokea. Hapo ndipo akiba na kiinua mgongo huokoa. Tanzania Bara, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa aliyepunguzwa baada ya kufanya kazi mfululizo angalau miezi 12 mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Na usiondoke bila cheti cha utumishi: mwajiri analazimika kisheria kukupa.