UBORA WA MAGARI MAPYA YA UMEME: MNUNUZI ATARAJIE NINI?

Anayenunua gari jipya hutaraji kulipokea likiwa kamili. Hata hivyo, tangu magari ya umeme yaanze kuuzwa kwa wingi, wanunuzi wengi wa Marekani na Ulaya wamelalamika kwamba magari waliyoyalipia fedha nyingi yamewafikia yakiwa na milango isiyolingana, rangi yenye madoa na vipande vinavyolia njiani. Jambo hili lavihusu pia vyama vya Afrika ya Mashariki. Mjini Nairobi mabasi ya umeme yalianza kuchukua abiria mwaka 2022, na wenye matatu wa nchi hiyo huendesha kazi zao kupitia vyama vya akiba na mikopo. Chama kinachofikiria kununua chombo cha namna hii chapaswa kujua kasoro hutoka wapi, na ipi ni ya kuvumilia na ipi si ya kuvumilia.

CHANZO CHA KASORO

Mfano unaofahamika zaidi ni wa gari liitwalo Model 3, la kampuni ya Tesla. Magari ya kwanza yalikabidhiwa wanunuzi Julai 2017, katika kiwanda cha Fremont, jimbo la California. Lengo la kuunda magari 5,000 kwa juma halikufikiwa hadi mwisho wa Juni 2018, na ili kulifikia ilibidi mstari mwingine wa uundaji uwekwe ndani ya hema kubwa nje ya kiwanda. Mwaka huo huo mhandisi Sandy Munro alilifungua gari moja kipande kwa kipande. Alilaumu vikali nafasi zisizo sawa baina ya mabati, lakini akaisifu mitambo yake ya elektroniki. Mwaka 2021 Elon Musk, mkuu wa kampuni hiyo, alikiri mbele ya Munro kwamba ubora huathirika kiwanda kinapoongeza kasi. Alitaja kwamba rangi haikuwa ikipata muda wa kutosha wa kukauka.

Sababu ya pili ni bei. Sehemu kubwa ya fedha ya mnunuzi huingia katika betri. Basi gari la umeme laweza kuwa ghali bila kuwa na umaliziaji wa gari la anasa la bei hiyo hiyo. Sababu ya tatu ni ukimya. Gari la petroli huficha milio midogo ndani ya mngurumo wa injini; gari la umeme halina mngurumo huo, kwa hiyo kila kipande kilicholegea husikika.

Takwimu zathibitisha malalamiko hayo. Mwaka 2020 uchunguzi wa J.D. Power nchini Marekani ulionyesha kasoro 250 kwa kila magari 100 mapya ya Tesla, ambapo wastani wa magari yote ulikuwa 166. Shirika la Consumer Reports lilieleza mwaka 2023 kwamba magari ya umeme yalikuwa na matatizo zaidi ya yale ya petroli kwa asilimia 79. Mwaka 2024 tofauti hiyo ilishuka hadi asilimia 42. Maana yake ni kwamba viwanda vinajifunza, lakini kazi haijakwisha.

KASORO YA MACHO NA KASORO YA HATARI

Mnunuzi aghalabu huhangaikia anachokiona. Nafasi ya mlango iliyopinda haimuui mtu. Kasoro kubwa zaidi hujificha. Mwaka 2021 kampuni ya General Motors iliyaita magari yote ya Chevrolet Bolt, yapatayo 142,000, kwa sababu baadhi ya betri zilitoka kiwandani na hitilafu iliyoweza kusababisha moto. Mwaka 2022 Toyota iliyaita magari 2,700 ya bZ4X kwa kuwa bolti za magurudumu ziliweza kulegea hadi gurudumu kutoka. Hakuna mnunuzi ambaye angeziona hitilafu za betri zile kwa kulizunguka gari uwanjani.

Hivyo basi, kasoro ya macho hukingwa kwa ukaguzi. Kasoro iliyojificha hukingwa kwa hati.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, gari lipokewe mchana, likiwa limeoshwa na kukauka. Nafasi za milango, boneti na buti zilinganishwe upande wa kulia na wa kushoto. Mipira ya milango, vioo, taa na matairi vitazamwe. Gari lichajiwe na kuendeshwa kabla ya kupokewa.

Pili, kila kasoro iandikwe katika hati ya makabidhiano, na wakala atie sahihi pamoja na tarehe ya kuitengeneza. Chama kikitia sahihi kwanza na kulalamika baadaye, ni vigumu kuthibitisha kwamba mkwaruzo haukutokea barabarani.

Tatu, dhamana ya betri isomwe neno kwa neno. Viwanda vingi hutoa miaka 8 au kilometa 160,000, lakini dhamana hiyo yafaa tu iwapo yupo fundi nchini mwenye wajibu wa kuitimiza.

Nne, namba ya chesisi iandikishwe kwa wakala kwa jina la chama. Kiwanda kinapoita magari, huwatafuta wenye magari kwa namba hiyo. Gari lililoletwa kwa njia ya mzunguko laweza kubaki barabarani na hitilafu ambayo mwenyewe hakuarifiwa kamwe.

Tano, toleo jipya kabisa lisinunuliwe kwa haraka, hasa kiwanda kinapokuwa mbioni kuongeza idadi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa gari la umeme methali hiyo haitoshi, kwani hata kizuri chaweza kutoka kiwandani na bolti iliyolegea. Fedha ya chama ni jasho la wanachama wote, na kamati inayopokea gari bila kulikagua huwa imepokea deni kwa niaba yao.