Yuda alijuta, Petro alitubu

Fungua Mathayo 27:3 katika Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611. Utakuta Yuda Iskariote ameandikiwa neno 'repent', yaani kutubu. Fungua New International Version mahali hapo hapo, utakuta 'remorse'. Sisi tunaosoma Union Version ya Kiswahili hatuna shida hiyo: Yuda alijuta, basi.

'Remorse' lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kung'ata tena. Ndivyo majuto yalivyo. Kosa linakung'ata, unalala, unaamka, linakung'ata tena. 'Repentance' wahubiri hulitumia kwa neno la Kigiriki metanoia, kugeuka nia. Mathayo hakumpa Yuda neno hilo.

Lakini mtazame Yuda vizuri. Alifanya karibu yote tunayofundishwa wakati wa Kwaresima. Alikiri kwa kinywa chake kwamba amemsaliti mtu asiye na hatia. Fedha alirudisha, vipande vyote 30. Ni wangapi kati yetu wamekula fedha za kikundi wakazirudisha zote? Basi alikosa nini?

Mimi naona alikosea mlango. Kidonda chake alikipeleka kwa wakuu wa makuhani, wale wale walioinunua dhambi yake, nao wakamjibu kwamba hayo ni yake mwenyewe. Akatoka peke yake, na tunajua alikoishia.

Nikiri kwamba jibu lile la makuhani linanitisha kuliko usaliti wenyewe, kwa sababu walikuwa watu wa hekaluni kama mimi na wewe. Mhazini wa vikoba akija kwako usiku, anatetemeka, anasema fedha za akina mama amezitumia, utamwambia nini? Au utasubiri aondoke ili uwapigie simu wanakwaya?

Petro naye alimkana Bwana mara tatu, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Alitoka nje akalia kwa uchungu. Nadhani usiku ule wewe na mimi tusingeweza kuyatenganisha machozi yake na majuto ya Yuda. Tofauti ilionekana baadaye. Petro hakujitenga na wenzake. Habari za kaburi lililo wazi zilimkuta yu pamoja nao, akakimbia kwenda kuona, hata kama mwenzake alimshinda mbio.

Kisha ile asubuhi ya Yohana 21, ziwani. Sidhani kama kosa lilikuwa limeacha kumng'ata. Lakini aliposikia kwamba aliyesimama ufukweni ni Bwana, hakungoja mashua ifike, ingawa nchi kavu haikuwa mbali, kama dhiraa 200 tu. Alijifunga vazi lake akajitupa majini. Huko ufukweni kulikuwa na moto wa makaa, kama ule wa uani, na yule aliyemkana amemwandalia samaki na mkate.