Bwana Afya Mlangoni, Hati Mkononi

Tarehe 6 Novemba 1963, mkaguzi kutoka idara ya afya ya San Francisco, Marekani, alifika kwenye jengo moja la ghorofa kwa ukaguzi wa kila mwaka. Msimamizi wa jengo akamdokezea kuwa mpangaji wa chini, Camara, amegeuza sehemu ya nyuma kuwa makazi, kinyume cha kibali. Mkaguzi akabisha hodi. Camara akamzuia: bila hati ya upekuzi, haingii mtu.

Wakaguzi walirudi mara mbili zaidi, wakapata jibu lile lile. Mwezi uliofuata Camara alikamatwa, kisha akaachiwa kwa dhamana.

Wakati huo sheria ilimlinda mkaguzi. Mwaka 1959, mkazi wa Baltimore aliyemzuia bwana afya aliyekuja kufuatilia malalamiko ya panya alishindwa katika Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4, na faini yake ya dola 20 ikabaki palepale. Nyuma ya nyumba yake kulikutwa karibu nusu tani ya mavi ya panya yaliyochanganyika na majani makavu na takataka. Majaji waliona kwamba anayetafuta panya hatafuti mhalifu.

Tarehe 5 Juni 1967 mahakama hiyo hiyo iligeuka. Kwa kura 6 dhidi ya 3, Jaji Byron White akiandika hukumu, Camara alishinda. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu asiye na kosa naye ana faragha yake, na mkaguzi aliyesimama mlangoni hafai kuwa mwamuzi wa lini na wapi aingie. Hayo yaamuliwe na hakimu.

Hata hivyo, mabwana afya hawakufungwa mikono. Ili kupata hati, si lazima wathibitishe kuwa nyumba fulani ni chafu. Aina ya jengo, hali ya mtaa au muda uliopita tangu ukaguzi wa mwisho vyaweza kutosha. Kwenye dharura, kama vile kukamata chakula kilichooza au kuzuia ugonjwa wa mlipuko, hati haingojwi.

White aliongeza jambo moja la vitendo. Kwa kuwa wenye nyumba wengi hukubali kukaguliwa, kwa kawaida hati iombwe baada tu ya mkaguzi kukataliwa mlangoni.