Vilima Vipara vya Shaba na Neno "Tumezoea"

Wamama waliopanda treni kutoka hapa Kamina kwenda Lubumbashi wanavijua. Ukiisha kupita Bukama na Tenke, ukikaribia Fungurume, pori linakatika ghafula na kilima kinatokea kikiwa kipara: majani mafupi, maua madogo, mti hata mmoja hakuna. Si wachoma makala waliokata miti hiyo. Udongo wa pale umejaa shaba na kobalti, na shaba ikizidi inaua mizizi. Mahali pengine inapita gramu 10 katika kilo moja ya udongo.

Kilima cha namna hiyo ni kisiwa. Kisiwa cha baharini kimezungukwa na maji, hiki kimezungukwa na pori. Mmea wa porini ukiota juu yake unakufa. Mmea wa kilimani nao ukishuka porini unafunikwa na majani marefu na kivuli cha miti. Kuanzia Kolwezi mpaka upande wa Lubumbashi viko vilima zaidi ya 100, na wataalamu wamehesabu juu yake zaidi ya aina 600 za mimea. Kama aina 30 kati ya hizo hazipatikani popote pengine duniani.

Zilipatikanaje? Fikiri mahindi ya mbegu. Mama anachagua mahindi mazuri, anayatundika juu ya moto, mengine yanakwenda kwenye bukari. Akifanya hivyo miaka mingi, shamba lake linabadilika. Kilimani anayechagua ni shaba. Upepo unaleta mbegu elfu, karibu zote zinakufa. Moja au mbili zilizozaliwa na tofauti ndogo, tuseme mizizi inayozuia shaba isipande juu, zinaishi na kuzaa, na watoto wao wanarithi tofauti hiyo. Kwa kuwa kilima kiko mbali na vingine, mbelewele hazichanganyiki sana, na baada ya vizazi vingi sana unapata aina mpya. Kazi hii ya kuchagua bila mchaguaji ndiyo Charles Darwin aliyoieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Mmoja wa mimea hiyo, Haumaniastrum katangense, unaota hata mahali wazee walipoyeyusha shaba zamani, na waliochimba mambo ya kale wamevitambua viwanja hivyo kwa maua yake. Misalaba midogo ya shaba iliyokutwa makaburini Sanga, kando ya ziwa Kisale katika jimbo letu, ilitoka katika shaba ya kusini.

Sasa nifike ninapotaka. Ndugu zetu wanaoishi karibu na migodi wakija kututembelea wanasema, "Vumbi lile tumeshalizoea." Tazameni vizuri ile mimea. Hakuna hata mmoja uliozoea. Ule usioweza ulikufa, na aliyebaki alizaliwa hivyo. Ili kilima kipate maua yake, mbegu zisizohesabika ziliangamia. Mama gani anataka mwanawe awe katika hesabu hiyo? Kuacha kukohoa si kusema mwili umeshinda madini. Mwaka 2009 watafiti, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitangaza kwamba walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti nyingi sana, na watoto walikuwa nayo kuzidi wakubwa.

Kwa hiyo aliye na dada au binti Kolwezi au Fungurume amwambie haya: lengalenga na sombe zioshwe kwa maji mengi kabla ya kupikwa, maana vumbi linakaa juu ya majani. Bustani isilimwe mahali ambapo hata miti inakataa kuota, kwa kuwa mboga inaweza kumea vizuri na bado ikabeba madini ndani, ambayo maji hayaondoi. Mtoto anawe mikono kabla ya kula. Baba akitoka mgodini, nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nepi.

Vilima vyenyewe vinaliwa na mashine mwaka kwa mwaka, na aina inayoishi juu ya kilima kimoja au viwili haina mahali pa kukimbilia. Jani moja la huko, Microchloa altera, watafiti wa Lubumbashi wamelijaribu katika mtaa wa Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba uliua majani na miti, ili lifunike udongo na vumbi lisiingie nyumbani. Asili ya jani hilo ni vilima hivi hivi vinavyochimbwa.