Nyama iliyojifia: mbele ya kununua, tuulize imetoka wapi

Sisi watu wa shimo tunajua njaa ya saa kumi na moja. Mtu anatoka chini, franga haijaingia bado, na kandokando ya njia kuko mwenye kuuza nyama ya kukausha kwa bei ya chini. Hatuulizi imetoka wapi.

Mwaka 2025, mu mwezi wa nne, viboko karibu 50 walikufa mu Parke ya Virunga, kwenye mto Ishasha, kusini ya ziwa Edouard. Nyati nao walikufa. Mizoga ilikuwa inaelea juu ya maji. Vipimo vilionyesha kimeta, ule ugonjwa waganga wetu wanaita charbon. Zamani viboko wa Virunga walipita 20 000. Bunduki ziliwamaliza mpaka wakabaki mamia tu, na juzi walikuwa wamerudi kufika 1 200 hivi. Kisha mikrobe ikaingia. Watu wa parke walitaka kuzika mizoga pamoja na soda kali, lakini mashine za kuchimba zilikosekana. Sisi wenye kuchimba na mikono tulisikia hiyo na uchungu.

Mutasema Ishasha ni Rutshuru, siye tuko Masisi na Walikale. Ni kweli. Lakini nyama ya kukausha inapanda pikipiki sawa na koltani. Tena, mu pori la Taï, kule Côte d'Ivoire, ndugu ya mikrobe hiyo imeua sokwe wengi tangu miaka mingi, na Kameruni iliua hata gorila. Gorila wa Grauer, wenye tuko nao mu pori la Walikale, hawapatikane pengine duniani ila huku mashariki ya Kongo.

Kimeta hakisikii moshi. Mbegu zake zinakaa mu udongo miaka makumi, na kupika hakuziue zote. Nyama akijifia, damu nyeusi inatoka puani ao nyuma na haigandi, musimupasue: mukimufungua, mikrobe inapata hewa na kugeuka mbegu. Mwenye kuchuna ndiye wa kwanza kupatwa. Kunatokea kipele kisichouma, kinavimba, kisha katikati kunakuwa kidonda cheusi. Dawa iko, antibiotike za kawaida, lakini ni kuwahi. Kwa yule aliyekula, tumbo linauma sana na homa inapanda, asingoje kesho.

Mama wenye kupika kwenye karieri, hatuwalaumu. Maharagi imepanda bei, makayabo vilevile. Sisi mu sendika tunadai kitu kimoja: wale wanaokata kodi kwa kila gunia walipe muganga wa nyama, akae sokoni siku ya soko, akiwa na muhuri wake. Tumeshaandika barua mbili. Ya tatu tutaipeleka sisi wenyewe, na tutaingia ofisini na nguo za shimo.